Ukurasa wa Bir Lahmar

Mebarka Zeghdi alikuwa mwoga, na hakuona haya kusema. Kila asubuhi alifunga mtungi wa gesi, akatoka, akarudi kuutazama, akatoka tena, na mara nyingine nilimkuta kwenye kona ya mtaa wetu amesimama, mkoba begani, anajiuliza kama arudi mara ya tatu. Ofisini walimtania. Lakhdar, dereva wetu, ambaye ulimi wake haukupumzika hata mwezi wa Ramadhani, alimwambia siku moja, "Mebarka, kivuli chako kimeomba uhamisho. Kimechoka kushtuka." Mebarka alicheka pamoja nasi, kisha akaenda kuhakikisha kiyoyozi kimezimwa.

Mimi ni muuguzi. Goti langu lilipoharibika walinitoa wodini, wakaniweka kwenye simu ya ofisi ya afya, hapa kwetu Souf, jangwani, meza yangu ikitazamana na yake. Miaka sita tuliangaliana uso kwa uso, kwa hiyo haya sikuyasikia kwa mtu.

Kabla ya kuja kwetu Mebarka alikuwa mkutubi wa manispaa kwa miaka kumi na minne. Ukuta wa maktaba ulipopasuka, jengo likafungwa, naye akahamishiwa kwetu. Wakamwonyesha kompyuta wakamwambia: tovuti ya ofisi ni yako, ipange.

Ilikuwa na kurasa zaidi ya mia tatu. Kila mkurugenzi aliyepita alikuwa amejenga chumba chake bila kugusa cha mwenzake. Kulikuwa na picha za mikutano, hotuba za siku ya kunawa mikono, orodha za wauguzi waliostaafu na wengine waliokwisha kuzikwa. Lakini kitu ambacho watu wa mchangani wanakihitaji msimu wa joto, yaani zahanati ipi ina seramu ya kuvunja sumu ya nge, kilikuwa kimefukiwa. Ulianza na "Machapisho", ukaingia "Kinga", ukaingia "Majira", ukafika "Nyaraka", ndipo ukapakua waraka wa kurasa tisa. Mebarka alipovihesabu viungo hivyo siku ya kwanza, alikuja kwenye meza yangu uso umempauka.

"Saadia, mtoto akiumwa na nge ana muda gani?"

"Inategemea nge, inategemea mtoto. Wakati mwingine saa mbili. Wakati mwingine huna hata hizo."

"Na mama yake, mikono inamtetemeka, abofye mara tano?"

"Atapiga simu hapa kwangu."

"Namba yako iko wapi?"

Namba yangu ilikuwa ndani ya waraka uleule.

Basi akaanza kazi, na kazi yenyewe hakuianzia kwenye kompyuta. Alikata maboksi ya sindano akatengeneza kadi, kila ukurasa kadi yake, akazitandaza sakafuni kwenye ukumbi mrefu wa nyuma. Viungo alivifanya kwa uzi mwekundu wa sufu, kutoka kadi hii hadi ile. Tulijifunza kupita pale tukiwa tumeinua miguu kama kuku kwenye matope. Kila kadi ilipaswa kuwa na uzi wa kuingilia na uzi wa kutokea. "Mtu asiingie mahali akakosa pa kutokea," alikuwa akisema, na akisema hivyo alishika koo lake, kama ndiye aliyefungiwa.

Majina ya kurasa aliyapeleka kwa watu. Alichukua kadi zake hadi kwenye foleni ya chanjo akawauliza kina mama: ukitaka kitu fulani ungekitafuta chini ya neno gani? Nilikuwepo alipomwonyesha bibi mmoja kadi iliyoandikwa "Kinga dhidi ya sumu za wadudu".

"Kinga?" bibi akasema. "Mwanangu, mimi nimeshaumwa, nitakingwa na nini tena? Unanipa mwavuli nimeshalowa?"

Foleni nzima ikacheka. Mebarka hakucheka. Alitoa kalamu, akakata maneno yale, akaandika chini yake: "Nimeumwa na nge". Kadi hiyo akaiweka juu kabisa, mwanzo wa yote, bila kitu cha kuitangulia.

Mkurugenzi, Daktari Tidjani, alipoona mpango ule hakufurahi.

"Hotuba yangu umeipeleka wapi?"

"Ipo, Daktari. Ndani ya 'Kuhusu Ofisi'."

"Ndani. Na nge umempa kiti cha mbele."

"Nge hasubiri, Daktari."

"Hata mimi sipendi kusubiri," akasema, lakini alitia saini. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa barua na mihuri.

Sasa niseme habari ya Bir Lahmar. Ni kijiji cha mbali, kilomita arobaini na moja, nusu ya nyumba zake zimemezwa na mchanga. Zahanati yake ilifungwa miaka miwili kabla ya hapo, muuguzi akahamishwa. Ukurasa wake ulibaki kwenye tovuti, na ulisema: seramu ipo, saa ishirini na nne. Mebarka alipofika kwenye kadi hiyo aliing'oa nyuzi zote, akaitia kwenye bahasha, akaiweka ndani ya mtoto wa meza. Kwenye kompyuta akafanya vilevile. Aliondoa kila kiungo kilichoelekea kule. Lakini ukurasa wenyewe hakuufuta. Ndiyo desturi ya wakutubi, hawachomi kitabu, wanakipeleka stoo.

Nikamuuliza, "Umemalizana nao?"

"Ukurasa usio na kiungo ni kitabu kilichotolewa rafuni. Hakuna atakayeufikia."

Siku hiyo, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, sikumwona akirudi kuhakikisha.

Tovuti mpya ilifunguliwa mwanzoni mwa Julai. Siku kumi na moja zilipita vizuri. Simu yangu ililia kuliko kawaida, na watu walisema wameiona namba pale mwanzo kabisa. Mebarka alianza hata kula chakula chake cha mchana akakimaliza.

Siku ya kumi na mbili ilikuwa Jumanne. Joto lilifika arobaini na saba, na mji ulikuwa umefunga milango kama ilivyo kila mchana wa Julai. Saa nane u nusu nilikuwa nasinzia mkono ukiwa juu ya simu. Nikasikia kiti chake kikikwaruza.

"Saadia. Saadia, njoo."

Nilivyoisikia sauti ile, goti langu nililisahau. Alikuwa akitazama orodha ya kurasa zilizofunguliwa siku hiyo. Kidole chake kilikuwa kwenye mstari mmoja. Zahanati ya Bir Lahmar. Mara tano, ya kwanza saa nane na dakika kumi.

"Si uliuondoa?"

"Niliondoa njia zangu. Sikuuondoa wenyewe." Alikuwa bado anaitazama orodha. "Watu wana kiungo cha zamani kwenye simu zao, Saadia. Wametumiana kwenye makundi ya familia miaka mingi. Na ukitafuta mtandaoni 'seramu ya nge', labda bado unatokea. Mimi nilidhani mlango ni huu wangu tu."

"Huenda ni mtu anasoma tu."

"Saa nane mchana? Mwezi wa saba? Siku kumi na moja hakuna aliyeufungua, leo mara tano ndani ya dakika ishirini?"

Alikaa kuubadilisha ukurasa, lakini vidole havikumtii. Alikosea neno la siri mara ya kwanza, mara ya pili. Akikosea mara nyingine moja mashine ingemfungia nje saa nzima. Nikamwambia, "Nisomee herufi, nitaandika mimi." Alinisomea moja moja, amefumba macho, kama anayesoma dua. Tukafaulu. Tukaandika kwa herufi kubwa: ZAHANATI HII IMEFUNGWA. NENDA SIDI GHANEM. Na namba.

"Haitoshi," akasema. "Aliyeusoma saa nane na dakika kumi hausomi tena. Yuko njiani."

Na njiani kule simu hazishiki. Bir Lahmar yenyewe haina mtandao tangu mnara ulipoanguka. Tukaenda kwa Daktari Tidjani, Mebarka mbele mimi nyuma.

Alitusikiliza hadi mwisho. Kisha akavua miwani. "Kufunguliwa mara tano si mgonjwa, Mebarka."

"Na kama ni mgonjwa?"

"Gari la ofisi ni moja. Nikilipeleka mchangani kwa ajili ya namba kwenye kioo, halafu nikaitwa kweli, niseme nini?"

Nilimwona Mebarka akishika ukingo wa meza. "Daktari, mimi naogopa kila kitu, mnajua. Naogopa gesi, naogopa lifti. Lakini hivyo vyote nikiviogopa najua mwenyewe kwamba ni woga. Hiki si woga. Hiki nakijua. Kuna mtu anakwenda kwenye mlango uliofungwa, na mimi ndiye niliyemwelekeza."

Daktari akavaa tena miwani yake.

"Nendeni," Daktari akasema. "Mkirudi mikono mitupu, nitakuandikia barua ya onyo."

"Niandikie, Daktari. Naomba iwe hivyo."

Lakhdar alikuwa amelala ndani ya gari, taulo bichi usoni. Tulipomweleza hakusema mzaha wowote, na hilo likaniogopesha kuliko yote. Aliweka kopo la maji miguuni pangu, akawasha.

Nje ya mji upepo ulikuwa umeanza, ule unaotambaa chini kama moshi na kuufuta ukingo wa lami. Mebarka alikaa mbele. Hakulia, hakuomba kwa sauti. Alikuwa akikunja na kukunjua kitambaa cha pua mapajani. Kila tulipopanda kilima cha mchanga aliinuka kwenye kiti atazame mbele, na kila tulipoona njia tupu alirudi kuketi, na sikujua kama anaona nafuu au anazidi kufa.

"Nikikuta hakuna mtu nitabusu ile minyororo ya mlango," akasema.

Kilomita ya ishirini na tano tulikutana na lori la matikiti maji. Lakhdar akapiga honi, akatoa mkono nje, yule dereva akasimama.

"Ndugu, umeona gari?"

"Pikapu ya Pejo, nyeupe," yule bwana akasema. "Ilitokea njia ya mashamba, ikanipita kama imeibiwa. Inaelekea Bir Lahmar. Nilimpigia honi, hakugeuka. Kuna nini?"

Hatukumjibu. Mpaka hapo, nakiri, nilikuwa bado na tumaini kwamba ni woga wa Mebarka tu. Watu husema kwa mwoga huenda kicheko, na mimi nilikuwa nimeshaandaa kicheko changu cha kumfariji wakati wa kurudi. Kilinikauka kooni. Lakhdar alikanyaga mafuta hadi mwisho.

Tuliisikia zahanati kabla hatujaiona. Ilikuwa sauti ya jiwe likigonga bati. Pejo ilikuwa imeachwa inaunguruma, milango wazi, mbele ya zahanati. Mwanamume wa miaka arobaini hivi, kilemba kimemfunguka shingoni, alikuwa akipiga ule mlango wa kijani kwa jiwe, huku damu ikimtoka vidoleni. Kwenye kivuli chembamba cha ukuta alikaa bibi mzee, na mapajani mwake msichana wa miaka saba hivi.

Nilimwendea mtoto. Gauni lilikuwa limelowa jasho chapachapa, mate yanamtoka, mikono baridi kama ametoka kisimani, katika joto lile. Bibi alikuwa amemfunga kitambaa juu ya kifundo cha mguu hadi mguu umekuwa wa bluu. Nikakifungua.

"Ameumwa saa ngapi, Hajja?"

"Baada ya adhuhuri. Alivaa kiatu cha baba yake. Kiatu tu, mwanangu, amevaa kiatu tu."

Yule mwanamume akageuka, jiwe bado mkononi. "Nyinyi ndio wa zahanati? Mlikuwa wapi? Imeandikwa saa ishirini na nne! Ishirini na nne!" Akatoa simu mfukoni akamsogezea Mebarka usoni. "Soma! Soma mwenyewe!"

Kioo kilikuwa na ufa, lakini ukurasa ulionekana wazi, nembo ya ofisi yetu juu, jina la Bir Lahmar, na maneno yale. Mebarka aliutazama. Nikafikiri ataanguka, na nitakuwa na wawili wa kubeba.

Hakuanguka. "Sidi Ghanem," akasema. "Kilomita kumi na sita kwa njia ya visima. Wana seramu."

"Njia ya visima imefunikwa!"

"Pejo yako itazama," Lakhdar akasema, tayari amefungua mlango wa nyuma. "Hili litapita. Mpandishe mtoto, bwana, utanitukana tukiwa njiani."

Tukapanda sote sita. Yule baba jina lake Belgacem, mtoto ni Ibtihel, bibi ni Hajja Hadda, mama wa Belgacem. Njiani ndiyo nikajua jambo ambalo nilitamani nisingelijua. Shamba lao la mitende lilikuwa dakika ishirini tu kutoka Sidi Ghanem, upande wa pili. Walikuwa wameikimbia dawa.

Sidhani kama nitaisahau njia ile. Mchanga ulikuwa umekatiza barabara kama migongo ya ngamia waliolala. Lakhdar aliviendea vile vilima kwa kasi, gari linaruka, linatua, Hajja Hadda anasoma aya palepale alipoachia. Ibtihel alitapika, akatapika tena, mkononi mwa Mebarka, kwa kuwa Mebarka alikuwa amehamia nyuma na kumshika kichwa.

"Ibtihel, mna mbuzi wangapi?"

"Wanne," mtoto akasema, kwa sauti ndogo.

"Yupi mkorofi?"

"Ghazala."

"Amefanya nini Ghazala?"

"Amekula... daftari la..."

Hakumaliza. Mebarka akamwita tena, akamwita mara nyingine. Macho ya mtoto yalikuwa wazi lakini hayakuwa yanatazama kitu. Nilishika mshipa wake. Ulikuwa unakimbia, kisha unajikwaa, kisha unakimbia. Nikajaribu kuuficha uso wangu, lakini Belgacem alikuwa ananitazama mimi, si mtoto, na alisoma kila kitu.

Halafu gari likazama. Gurudumu la nyuma lilizunguka, likachimba, likanyamaza. Tulishuka wote isipokuwa bibi na mtoto, tukachimba kwa mikono, mchanga unachoma kama majivu ya jiko. Lakhdar akaweka mikeka ya gari chini ya magurudumu. Katikati ya hilo nilimwona Mebarka akituacha, anapanda kile kilima kwa mikono na miguu, amepoteza kiatu kimoja, simu ameiinua juu. Belgacem akapiga kelele, "Anakimbia wapi huyo mwanamke?" Juu kule alisimama, upepo unamvuta hijabu, akaongea na simu. Ndipo nikaelewa. Upande huo mnara wa Sidi Ghanem unafika, naye namba yao aliijua kwa moyo.

Aliteleza kurudi chini. "Zipo chupa mbili. Daktari wa zamu anatungojea mlangoni. Sukumeni!"

Tukasukuma. Goti langu lililia kama mlango wa zamani, nami nikasukuma. Gari likatoka.

Sidi Ghanem walimpokea mtoto kutoka mikononi mwetu hata gari halijasimama vizuri. Walimdunga, wakamtia oksijeni, na baada ya saa nzima gari la wagonjwa likampeleka hospitali ya mjini, baba yake pembeni. Hakuna aliyetuambia ataishi. Daktari alisema tu, "Angechelewa kidogo hivi," na hakumalizia.

Mebarka alikuwa uani, kwenye bomba, anaosha mkono wa nguo yake uliotapikiwa. Ulikuwa umeshatakata, naye aliendelea kuusugua. Nikafunga bomba. Akalifungua tena.

"Mara tano, Saadia," akasema. "Huyu ni mmoja."

Siku mbili Ibtihel alikuwa chumba cha wagonjwa mahututi. Siku hizo mbili Mebarka hakulala wala hakutulia. Alikaa kwenye simu yangu, akapigia kila zahanati na kila hospitali ya kusini kote: Jumanne mchana, mlipokea aliyeumwa na nge akachelewa? Kabla ya kila jibu alifumba macho. Hakuna. Hakuna. Hakuna. Baadaye tulijua kwamba kaka yake Belgacem na jirani yao nao waliufungua ukurasa ule, kila mmoja kwa simu yake, kusaidia kutafuta. Hao ni watatu. Wawili waliobaki hatujawajua mpaka leo. Labda walikuwa ni watu wa nyumba ileile. Labda sivyo.

Siku ya tatu mtoto aliomba maji, kisha akaomba tikiti.

Mebarka aliporudi mezani alitafuta kila ukurasa aliouondolea viungo. Ishirini na saba. Hakuufuta hata mmoja. Kila mmoja aliuandikia pale juu: hapa pamefungwa, nenda pale, hii ndiyo namba. Na nyingine akazifanya zimpeleke mtu moja kwa moja mahali sahihi, hata asijue kwamba aliingilia njia mbovu. "Watu wataendelea kuja kwa njia za zamani," aliniambia. "Siwezi kuwakataza. Lazima wamkute mtu." Daktari Tidjani hakuandika barua ya onyo, na hakusema kwa nini.

Wiki iliyofuata Belgacem alituma salamu: Ijumaa tuje shambani, kuna kuskusi, mtoto amerudi. Lakhdar alifurahi kama mtoto wa sikukuu. Mebarka alikuwa mweupe kama chokaa.

"Wanadhani nimemwokoa," akaniambia garini.

"Umemwokoa kweli."

"Saadia, usiniambie hivyo."

Sinia lilikuwa kubwa, na nyama ya kondoo juu yake, na maboga, na mbaazi. Belgacem alimwita Mebarka dada. Hajja Hadda alimkatia kipande bora akakiweka upande wake. Ibtihel alikuwa amekaa mlangoni, mguu umefungwa bendeji, anatutazama kwa haya. Mebarka hakuinua kijiko. Nilijua anachotaka kufanya, na nilimbana mguu chini ya sinia aache, walau tule kwanza. Hakuacha.

"Belgacem, ndugu yangu. Ule ukurasa uliokuonyesha Bir Lahmar."

"Mungu amlaani aliyeuandika."

"Aliuandika mtu aliyekwisha kustaafu. Lakini mimi ndiye niliyekuwa na kazi ya kuuondoa. Niliuona. Nilijua zahanati imefungwa. Nikauficha, nikadhani imetosha. Ni mimi."

Vijiko vikasimama. Lakhdar alitazama mikono yake. Belgacem alimtazama Mebarka muda mrefu, na uso wake ukabadilika polepole, kama maziwa yanavyoganda. Akasimama, akatoka nje, hatukusikia hata mlango.

Mebarka alibaki ameinamia sinia. Hajja Hadda akasogeza kipande cha nyama kuelekea kwake.

"Kula."

"Siwezi, Hajja."

"Nimekwambia kula. Mtu hasemi kosa kubwa hivyo na tumbo tupu. Utaniangukia hapa, niwe na wagonjwa wawili, na mimi ni mzee."

Akala. Alikuwa akitafuna na machozi yanamdondokea kwenye kuskusi, na bibi anamtazama kuhakikisha anameza.

Belgacem alirudi chai ikiwa imeshamiminwa. Hakukaa. Aliegemea mlango, mkono juu ya kichwa cha binti yake.

"Nilipokuwa napiga ule mlango nilimlaani mtu," akasema. "Nilimlaani kwa moyo wote. Sikujua anafananaje. Sasa najua, na ndiye aliyepanda kile kilima bila kiatu. Nifanye nini na wewe?"

"Sijui," Mebarka akasema. "Sikuja unisamehe. Nilikuja ujue."

"Leo siwezi kukusamehe."

"Sawa."

"Sema sawa, lakini njoo na Ijumaa ijayo. Labda Ijumaa ijayo nitaweza. Labda sitaweza. Njoo tu."

Alikwenda. Nami nilikwenda naye; alisema ni kwa ajili ya goti langu, nipate hewa, lakini alinishika mkono tangu tulipoiacha lami mpaka tulipofika mlangoni, na kiganja chake kilikuwa kimelowa.

Ijumaa ya kwanza Belgacem alisema maneno mawili ya salamu, basi. Ya pili alimuuliza kuhusu maktaba. Ya tano au ya sita, sikumbuki vizuri, alimpa katoni ya tende za kwanza za msimu na kumwambia, akitazama pembeni, kwamba watu wa mashamba ya kule ndani hawaelewi neno "seramu", wao husema "sindano ya nge", na kama ana akili aliandike hivyo.

Jumapili asubuhi, ofisi ilipofunguliwa kwa wiki mpya, Mebarka aliliandika.